Fundi wa Jumba la Kilimani

Fundi alikuwa akiogopa ngazi. Mtu aliyejenga jumba la mawe juu ya kilima chetu, jumba ambalo wenye kupita njia ya Nkome waliliona tangu mbali wakasimama kulitazama, hakuweza kupanda ngazi zaidi ya kimo cha kiuno chake. Ukuta ulipompita kichwa, alirudi nyuma, akaokota ufito mrefu, akawa anaelekeza kazi kutoka chini kwa kupiga kelele.

"Masanja! Hilo jiwe limelewa! Litoe!"

Masanja alikuwa kijana wa kwetu aliyejifunza uashi kwake. Alilitoa jiwe, akaliweka tena, na Fundi akafumba jicho moja, akanyoosha ufito, akapiga kelele nyingine. Siku moja Mzungu mwenye nyumba alimuuliza kwa nini yeye hapandi jukwaani kama mafundi wengine. Fundi alijibu bila kutikisika, "Bwana, watakaoitazama nyumba hii watakuwa wamesimama chini. Nami lazima niitazame kutoka chini." Mzungu aliliona hilo jibu zuri sana, akaenda zake akitikisa kichwa. Mkewe Fundi, ambaye sote tulimwita Mama Asha, alituambia ukweli huku akikuna nazi aliyoletewa kutoka mbali: "Mwongo huyo. Kichwa humzunguka hata akisimama juu ya kigoda."

Alikotoka sikupata kujua sawasawa. Wengine walisema Tabora, wengine walisema pwani. Yeye mwenyewe akiulizwa alisema, "Nimetoka kazini," na kazini ndiko alikokuwa akienda.

Mzungu huyo alikuwa mkubwa wa mgodi wa dhahabu uliofunguliwa bondeni. Kabla ya jumba, alikaa katika nyumba ya mabati karibu na kinu cha kusagia mawe, akaungua kwa jua mchana na kuumwa na mbu jioni, homa ikamwangusha mara kwa mara. Akaamua kujenga juu, penye upepo, maana mkewe alikuwa aje kutoka Ulaya. Mawe yalipatikana palepale kilimani. Vijana walikoka moto juu ya mwamba mpaka mwamba ukawa mwekundu, kisha tukaumwagia maji baridi, nao ukapasuka kwa kishindo. Saruji na mabati vilikuja kwa treni mpaka Mwanza, vikavuka ziwa kwa mashua mpaka Nkome, na kutoka Nkome vikaja kwa lori au kwa vichwa vya watu. Sisi wanawake tulibeba mchanga na maji. Hivyo ndivyo nilivyomjua Fundi: nilikuwa mke kijana, mume wangu akichunga ng'ombe wa baba yake, nami nikitafuta nguo yangu mwenyewe kwa kubeba maji ya kuchanganyia saruji.

Mwanzoni sikumpenda. Alikuwa na mdomo. Aliamini kwamba kutoka Tabora hadi Mwanza hapakuwa na ukuta ulionyooka isipokuwa aliousimamisha yeye. Sisi alituita washamba mbele ya macho yetu. Kiswahili chetu kilimuumiza masikio kama jino bovu. "Si mulango, ni mlango. Si mutoto, ni mtoto. Rudia." Nasi tulirudia, huku ndoo zikiwa kichwani. Lakini Kisukuma chake mwenyewe kilikuwa kioja. Alijua neno moja tu, "Mwangaluka," ambalo ni salamu ya asubuhi, naye alilitumia asubuhi, mchana na magharibi, hata msibani. Wazee walimwitikia kwa adabu. Sisi tuligeuka pembeni tukacheka. Hata hivyo, Kiswahili ninachokisema leo kwa kujiamini sokoni na kwa wakubwa, nilikipata kwake, chini ya ndoo.

Kazi aliipenda kwa namna ambayo sijaiona tena. Aligonga kila jiwe kwa mpini wa nyundo kabla ya kulikubali. Alipopanga kona alinyamaza, na Fundi kunyamaza lilikuwa jambo la kuogofya. Hata kunguru wakilia alikasirika. Jumba lilikua mbele yetu taratibu: msingi wa mawe makubwa, baraza pande tatu zenye matao, madirisha marefu ya vioo, milango ya mninga uliokatwa porini na kukaushwa kivulini mpaka ukaacha kupinda. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba ukiingia ndani saa sita mchana ulijisikia kama umeingia kisimani.

Kilichotushangaza zaidi ni moto wa ukutani. Katika sebule Fundi alijenga meko makubwa yenye dohani ya kutolea moshi, ambayo ingepanda mpaka juu ya paa. Wanawake tulisimama tukatazama.

"Fundi, shikamoo. Hapa ndipo jikoni?"

"Marahaba. Jikoni ni kule nyuma. Hapa Bwana ataota moto."

"Ataota moto ndani ya nyumba, na jua lote hili?"

Fundi alifuta mikono. Nilidhani angetuita washamba, lakini hakutuita. "Kwao kuna baridi," alisema. "Huyu hajengi nyumba. Anajenga kwao." Kisha akarudi kwenye dohani yake na kuanza kumtukana Masanja.

Na nyumba yake yeye? Ilikuwa ya miti na udongo, chini ya kilima, nayo ilikuwa imeinama upande wa magharibi. Alifika na kuisimamisha kwa haraka, akasema ataitengeneza vizuri jumba likiisha. Mama Asha aliegemeza gogo ukutani ili isianguke. Kila mgeni akija, Mama Asha alimwonyesha lile gogo kabla hajamkaribisha kukaa. "Tazama," alisema, "nyumba ya fundi mkubwa." Fundi alitazama pengine, akauliza kama uji umeiva.

Siku za Ijumaa alivaa kanzu nyeupe, kofia iliyofumwa na Mama Asha, akatembea wima kama mtu anayetazamwa na mji mzima, ingawa njiani hapakuwa na mtu ila mbuzi na sisi. Kanzu ilikuwa moja tu, naye aliitunza kuliko kitu kingine chochote. Basi Ijumaa moja, akiwa amekwisha vaa na yuko njiani kwenda kusali na Waislamu wenzake wa madukani, jiwe lilimteleza mpasua mawe mmoja na kumponda vidole. Yule kijana alikuwa wa mbali, hana ndugu hapa. Fundi alikimbia, akapiga magoti katika vumbi, akararua upindo wa kanzu yake akamfunga mkono, akararua tena, akafunga tena, mpaka kanzu ikamwishia magotini. Alikaa karibu na kichwa cha yule kijana akimkemea asizimie. Ijumaa zilizofuata alikwenda kusali na koti la kazi lenye viraka. Mtu akimuuliza habari za kanzu, alisema imeliwa na mchwa.

Huyo ndiye Fundi. Sasa nitasema habari ya maji, kwa sababu bila hiyo ningekuwa nimemsifu mwashi tu.

Karibu na kilele, mahali jumba lilipokaa, palikuwa na chemchemi. Mama zetu na mama zao waliteka hapo. Haikukauka hata miaka ambayo ng'ombe walikufa kwa kiu bondeni. Nyumba ilipokaribia kuezekwa, Mzungu alitoa amri kwamba ukuta wa ua uizunguke chemchemi, iwe ndani. Hakutaka wanawake wenye ndoo wapite mbele ya baraza yake wakati mkewe akinywa chai. Sisi tuteke mtoni, chini kule, katika pori lenye mbung'o.

Wanawake tulimwendea Fundi. Tulidhani yeye, mtu mweusi mwenzetu, angetusemea. Aliyetangulia kusema alikuwa mama mkwe wangu.

"Baba, ukuta huu utatuua. Mtoni ni mbali."

"Mimi najenga nilichoonyeshwa," alisema Fundi bila kuacha kupima. "Na maji ni maji, mama. Hata ya mto."

"Mkeo naye atateka mtoni?"

"Naye ana miguu."

Tuliondoka tukiwa na uchungu. Ukuta ukapanda, mzuri na ulionyooka, kama kazi zake zote. Nami wakati huo nilikuwa mjamzito, tumbo kubwa kuliko kawaida, na wakunga walikuwa wamekwisha niambia kwamba ni mapacha.

Nilikuwa nikirudi kutoka mtoni na ndoo kichwani uchungu uliponishika. Njia ilikuwa inapanda, jua limesimama. Niliitua ndoo ili isimwagike. Hilo nalikumbuka, kwamba katika yote nilihangaikia maji yasimwagike. Nikakaa chini ya kichaka. Mwenzangu alikimbia kuita watu, na aliyefika wa kwanza hakuwa mama mkwe wangu bali Mama Asha, maana naye alikuwa njiani na ndoo yake. Alitandika kanga yake. Kulwa alizaliwa akilia. Doto alikuja baada yake, naye hakulia. Mama Asha alimpuliza, akampiga nyayo, akamwosha kwa maji ya ile ndoo, akamshika muda mrefu. Kisha akamfunga katika upande mwingine wa kanga, akaniwekea kifuani wote wawili, aliyekuwa hai na aliyekufa, na akakaa nami mpaka wakaja.

Siwezi kusema kwamba Doto angeishi kama ningezalia nyumbani. Mungu ndiye ajuaye. Najua tu kilichosemwa jioni ile katika nyumba iliyoegemea gogo, kwa sababu Mama Asha aliniambia baadaye. Alimsimulia mumewe yote. Fundi alikuwa anakula. Aliacha kula.

"Mtoto wa nani?" aliuliza.

"Wa yule anayekubebea maji. Anayesema mulango."

Fundi alinawa mikono, akatoka. Alfajiri Mama Asha alimkuta amekaa nje, koti limevaliwa, nyundo mapajani.

Alimwendea Mzungu kwanza, nalo ni jambo ambalo nataka lijulikane, maana baadaye walisema alifanya kwa wizi. Masanja alikuwepo na alisikia. Fundi alisema, "Bwana, naomba nipasue ukuta chini, nitoe maji nje. Nitajenga birika la kutekea huko nje. Wanawake hutawaona."

"Hapana," alisema Mzungu. "Fanya kazi yako."

"Kuna mtoto amekufa, Bwana."

"Ninasikitika. Watoto wanakufa hapa kila siku. Jenga ukuta."

Siku chache baadaye Mzungu akaenda Mwanza kupokea vyombo vya nyumba. Fundi aliwaita mafundi wake akawaambia wasimame kando, asitiwe hatiani mtu mwingine. Akautoboa ukuta wake mwenyewe. Masanja alisema alisaga meno kwa kila pigo, kama mtu anayejikata kucha mpaka nyama. Alitandika mfereji wa mawe chini ya ua, akajenga tao dogo mahali maji yanapotokea, na chini ya tao akachonga birika kutoka jiwe moja, lenye mdomo laini ili mitungi isivunjike. Pembeni aliweka jiwe pana la kimo cha kifua, la mwanamke kutua mzigo wake na kuupandisha kichwani bila kuinama. Nimeingia sebuleni mwa jumba lile, nimeyaona matao ya baraza na ile dohani. Hapana kazi nyingine pale iliyofikia ile ya birika.

Nilikuwa bado sijatoka ndani baada ya uzazi. Mama Asha aliniletea ndoo ya kwanza, akaitua mlangoni. Fundi alikuwa amesimama nyuma yake, mbali kidogo, anatazama miguu yake. Mama mkwe wangu alimkaribisha. Hakuingia. Hakusema pole, wala sijapata kulisikia neno hilo kinywani mwake. Alisema, "Mwangaluka," na jua lilikuwa linazama, kisha akaondoka. Safari hiyo hakuna aliyecheka.

Mzungu aliporudi alikasirika mpaka sauti ikamkauka. Askari wakaja, Fundi akachukuliwa bomani, akahukumiwa kwa kukaidi amri ya mwajiri wake, akafungwa. Aliondoka akiwa amevaa koti lake la viraka, anatembea wima, na kwa kuwa hakuwahi kushindwa kusema neno, alimgeukia Masanja akapaza sauti, "Dohani usiimalize kwa tope! Tumia saruji!"

Masanja ndiye aliyeamriwa kuliziba tundu. Alikwenda akalitazama, akajikuna kichwa, akarudi kwa Mzungu.

"Bwana, nikiziba, maji yatarudi nyuma. Yataingia jikoni."

"Una hakika?"

"Yataingia jikoni, Bwana, na chini ya sebule."

Mzungu alimleta fundi mwingine, naye akasema vivyo hivyo. Akamleta wa tatu, huyo akasema hata baraza itazama. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli. Masanja akiulizwa huangalia pengine. Lakini tundu halikuzibwa, na wanawake wa kilimani wakateka maji.

Kumbe yule mama wa Ulaya, alipokuja hatimaye, alikaa msimu mmoja wa mvua tu, akarudi kwao. Mzungu alibaki peke yake na moto wake wa ukutani. Nyakati za baridi ya Juni tuliona moshi ukitoka katika dohani. Nakiri nilimwonea huruma, ingawa si kila siku.

Fundi alipotoka kifungoni hakuruhusiwa kukanyaga kilimani. Alichukua mkewe na zana zake, wakaenda Kahama, akawa anawajengea wenye maduka. Ile nyumba yao ilianguka juma lile lile walipoondoa gogo. Kila mtu aliyetoka Kahama nilimuuliza habari zake, nao walisema mambo yale yale: anapiga kelele, anajisifu, kuta zake zimenyooka.

Miaka ikapita. Kulwa akaota meno, akayang'oa, akaota mengine. Siku moja, katika majira ambayo watu walianza kunong'ona kwamba Ulaya kutakuwa na vita, nilitoka nje nikawakuta wageni wawili wamekaa kwenye mkeka wangu. Walikuwa Fundi na Mama Asha. Fundi alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe, mkono mmoja ukitetemeka. Alikuwa amevaa kanzu mpya.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mama Kulwa. Hujambo?" Akamtazama Kulwa. "Na huyu hajambo?"

Kulwa alimwamkia kwa Kiswahili safi. Fundi alimtazama, akamshika kichwa.

Mzungu alikuwa amekwenda kwao kwa likizo, na mlinzi wa jumba alikuwa Masanja. Ndiye aliyewaletea habari kwamba nyumba haina mtu. "Njoo uione, Fundi," alimwambia. "Hukuiona ikiwa imekwisha." Tulipanda pamoja polepole, Mama Asha akimshika mumewe kiwiko na kujifanya kwamba yeye ndiye anayeshikiliwa. Masanja alifungua mlango mkubwa kwa ufunguo.

Nilitegemea atasema sana. Alipita chumba hadi chumba bila neno, mkono wake unaotetemeka ukipita juu ya kuta. Kwenye dohani aliinama akachungulia juu. "Saruji," alisema, na Masanja akatabasamu kama mtoto. Mama Asha alifungua kabati, akafunga, akafungua dirisha, akafunga. "Vyumba vyote hivi," alisema, "na mtu mmoja."

Kisha tukatoka barazani. Masanja aliwaletea viti vya Mzungu vya kamba, wakakaa wawili, mzee na mkewe, nami nikakaa chini kwenye ngazi na mwanangu. Kilima kilishuka mbele yetu, miti, mashamba ya mihogo, moshi wa mgodi, na mbali kabisa, likiwa limelala chini ya mbingu, ziwa lote, na visiwa, na matanga madogo yaliyokuwa hayaendi popote.

Fundi aliegemea mbele.

"Hilo ni nini?" aliuliza.

"Si ndilo ziwa, Baba Asha," alisema mkewe.

"Lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Nilijenga hapa masika na kiangazi, masika na kiangazi," alisema Fundi, "na sikuliona."

"Ulikuwa umeligeuzia mgongo," alisema Mama Asha. "Ulikuwa unatazama ukuta."

Fundi aliegemeza kichwa kwenye kiti. Upepo ulikuwa unapanda kutoka ziwani, ukicheza na kanzu yake. Baada ya muda Masanja alikohoa, akasema kwa heshima kwamba ni vizuri washuke kabla karani wa mgodi hajapita na kuona viti vimetolewa. Mama Asha akaanza kuinuka. Fundi alimshika mkono, akamkalisha.

"Na apite," alisema. "Sijamaliza kutazama."